Ukijiunga na jeshi la Marekani, familia isiyo kwenye karatasi haitakufuata

Ukipitia TikTok jioni hutakosa kukutana nao. Kijana wa Githurai au wa Kisii amevaa sare za jeshi la Marekani, nyuma yake kuna theluji au msitu wa misonobari, na anajibu maswali ya mabro na masista waliobaki huku mtaani. Maswali huwa yale yale. Mshahara ni pesa ngapi? Umri wa mwisho ni upi? Green Card ya bahati nasibu inatosha? Inatosha, ndiyo. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kujiunga, mradi awe tayari anaishi Marekani kihalali. Hakuna ofisi ya kuandikisha makurutu hapa Westlands, na yeyote anayekuomba "ada ya kuingizwa" ukiwa Nairobi anakuchezea.

Swali ambalo ni nadra kulisikia ni hili: ukishakula kiapo, utapelekwa wapi, na nani atakufuata? Ajabu kweli, kwa sababu hilo ndilo litakaloamua kama ndoa yako itadumu, kama mtoto atakujua kwa sura au kwa simu, na kama utakuwa kaburini mzazi wako akizikwa au utatazama mazishi kwa video ya WhatsApp. Cheo pekee hakikupi jibu. Familia yako ina sauti katika uamuzi huo. Lakini ni familia kama inavyosomeka kwenye makaratasi, na familia nyingi za Kenya hazisomeki vizuri huko.

Jeshi kwanza

Kila mwanajeshi wa Marekani hufundishwa mapema kwamba mahitaji ya jeshi hutangulia. Wale wa jeshi la nchi kavu hupangiwa vituo na kamandi inayosimamia wafanyakazi, yenye makao Fort Knox, jimbo la Kentucky. Huko wanaangalia nafasi zilizo wazi, kazi uliyosomea na cheo chako. Unaweza kujaza mapendeleo yako, na wanajeshi wenyewe huiita fomu hiyo "karatasi ya ndoto". Jina linajieleza. Wakati wa kusaini mkataba wa kwanza unaweza kubahatika kupata kipengele cha kuchagua kituo, kama kazi yako inahitajika huko. Wengi hawakipati.

Basi kijana aliyezoea jua la Kisumu anajikuta Fort Wainwright, Alaska, ambako baridi inaweza kushuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Mwingine anapelekwa Fort Irwin, katikati ya jangwa la Mojave huko California, ambako ukitoka nje ya kambi kuna mchanga na barabara ndefu. Mwenye bahati anaangukia Lewis-McChord, kambi iliyo karibu na Tacoma katika jimbo la Washington. Upande huo una Wakenya wengi kiasi kwamba huwezi kukosa mtu wa kukuuzia unga wa ugali. Na popote ulipoangukia, usizoee sana, kwa sababu baada ya miaka miwili, mitatu au minne utahamishwa tena.

Sisi si wageni wa hadithi hii. Muulize mtoto yeyote wa polisi ni shule ngapi za msingi alizopitia. Waulize walimu waliopitia sera ya TSC ya 2018 ya kuwapeleka mbali na kaunti zao, ambayo ilitenganisha wake na waume hadi wabunge wakaingilia kati. Huku kwetu ombi la uhamisho mara nyingi huwa barua, simu kwa mjuaji fulani na maombi kwa Mungu. Marekani ombi hilo lina jina, kanuni na nambari ya fomu. Haimaanishi utakubaliwa. Inamaanisha utajua ni kwa nini umekataliwa.

Nani ni familia?

Hapa ndipo wengi wetu hujikwaa.

Jeshi la Marekani lina sajili moja ya kompyuta inayoitwa DEERS. Aliye ndani ya DEERS yupo. Asiye ndani, kwa jeshi, hajazaliwa. Mke au mume anaingizwa kwa cheti cha ndoa. Picha za ruracio haziingizi mtu humo, hata kama mbuzi walikuwa 99 na wazee walikunywa hadi usiku. Barua ya chifu nayo haitoshi. Kama mmekaa "come-we-stay" miaka 6 Umoja na mna watoto wawili, jeshi litakuandika kapera. Watoto wanaweza kuingizwa kwa vyeti vyao vya kuzaliwa, na baba ambaye hajaoa huenda akaombwa ushahidi zaidi kwamba ni wake. Mama yao atabaki nje.

Tofauti hiyo inaonekana siku amri ya kuhamia kituo kipya inapotoka. Aliye kwenye sajili anaandikwa kwenye amri yako, usafiri wake unalipwa, anapata matibabu na haki ya nyumba ya familia. Asiye kwenye sajili ni rafiki yako tu. Mpenzi, mchumba, "wifey" wa Instagram, wote ni marafiki.

Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inataka hata ndoa za kimila zisajiliwe, na huduma hiyo inapatikana kwa Msajili wa Ndoa, kwa eCitizen kama kawaida. Wengi wetu hatujawahi kusumbuka, kwa sababu hakuna mtu anayekuomba cheti ukienda kununua nyanya. Jeshi litakiomba.

Sasa tuje kwa mama. Mkenya anaposema familia, mama huwa wa kwanza, na kwenye sajili ya jeshi ndiye hukaa nje kwa muda mrefu zaidi. Mzazi anaweza kuandikishwa kama mtegemezi, ila lazima uthibitishe kwamba wewe ndiwe unayelipa zaidi ya nusu ya gharama za maisha yake. Hesabu hiyo hufanywa na ofisi ya fedha ya wizara ya ulinzi, na hufanywa kwa kina: mapato yake mwenyewe, kodi ya nyumba, chakula, dawa. Kama mama ana pensheni na vyumba viwili vya kupangisha huko Kitale, elfu kumi unazotuma kila mwisho wa mwezi zinaweza kuwa msaada mkubwa kwake na bado zisifike nusu. Na pesa ulizompa binamu mkononi abebe hazina ushahidi. Rekodi ya benki au ya kampuni ya kutuma pesa ndiyo huongea.

Na kama ulilelewa na shosho? Sheria ina nafasi yake, na hili watu wengi hawalijui. Mtu aliyekulea badala ya mzazi kwa angalau miaka 5 mfululizo kabla hujafikisha miaka 21 anaweza kuhesabiwa kama mzazi. Lakini itabidi uthibitishe miaka hiyo. Nani alisaini fomu zako za shule? Nani alienda kwa mwalimu mkuu ulipofukuzwa karo? Kama una barua ya zamani ya shule yenye sahihi ya shosho, usiitupe.

Jambo moja la kutofautisha hapa, kwa sababu huchanganywa sana: kumwandikisha mzazi kwa sajili ya jeshi si viza. Kumleta Marekani kuishi ni safari nyingine kabisa, na huanza ukishakuwa raia mwenye umri wa miaka 21 au zaidi. Hapo jeshi lina faida yake. Tangu amri ya rais ya 2002, wanajeshi wa kigeni wameweza kuomba uraia bila kungoja ile miaka 5 ambayo wenye Green Card wengine hungoja, na wapo walioapishwa kuwa raia wakiwa bado kwenye mafunzo ya ukurutu.

Mtoto anayehitaji daktari wa aina yake

Kati ya milango yote ambayo familia inaweza kupitia kubadilisha kituo cha mwanajeshi, mpana zaidi ni mpango unaojulikana kwa kifupi kama EFMP. Ni wa wanafamilia wenye mahitaji maalum ya kiafya au ya kielimu. Tuseme una mtoto mwenye usonji anayehitaji mtaalamu wa usemi kila wiki, au mtoto mwenye seli mundu anayehitaji daktari wa damu karibu. Unajaza fomu mbili, moja ya matibabu na nyingine ya shule, daktari na walimu wanaandika mahitaji yake, kisha taarifa hizo zinaunganishwa na jina lako. Kabla ya kukupangia kituo, wapangaji wanapaswa kuangalia: huko tunakotaka kumpeleka, huduma hizo zipo?

Kama hazipo, mojawapo ya mambo mawili hutokea. Unatafutiwa kituo kingine, au unaenda peke yako na familia inabaki. Hilo la pili ndilo halisemwi sana kwenye video. Mpango huu haumzuii baba au mama kupelekwa oparesheni. Unalinda mtoto asipelekwe mahali pasipo na daktari. Wewe bado unaweza kwenda.

Kujiandikisha si hiari. Mwanajeshi mwenye mwanafamilia wa aina hiyo lazima ajiandikishe, na akificha anaweza kuadhibiwa. Lakini watu huficha. Wanaogopa kwamba faili yenye alama hiyo itawanyima vituo vizuri na vyeo, ingawa jeshi husisitiza kwamba bodi za kupandisha vyeo haziangalii jambo hilo. Kwetu kuna sababu ya ziada: bado tuna familia zinazomfungia ndani mtoto mwenye ulemavu wageni wakija. Mtu aliyekulia kwenye aibu hiyo atasita kuandika jina la mwanawe kwenye fomu ya serikali. Matokeo yake ni mtoto anayefika Alaska katikati ya Desemba halafu anaambiwa mtaalamu aliye karibu ana foleni ya miezi.

Msifikirie kwamba kila kitu ni laini kwa wanaojiandikisha. Bunge la Marekani lilipitisha sheria, katika bajeti ya ulinzi ya mwaka wa fedha wa 2010, iliyounda ofisi maalum ya kusimamia familia hizi, kwa sababu kila tawi la jeshi lilikuwa linafanya lake. Mwaka wa 2018 wakaguzi wa bunge, GAO, walichunguza na kukuta bado kuna tofauti kubwa kati ya matawi, huku wanafamilia zaidi ya 130,000 wakiwa wameandikishwa. Mnamo Februari 2020 wake wa wanajeshi walifika mbele ya kamati ya bunge kueleza jinsi wanavyozungushwa.

Kuna tatizo moja ambalo hata jeshi haliwezi kulitatua peke yake. Msaada mwingi wa serikali kwa mtoto mwenye ulemavu hutolewa na jimbo, na una orodha ya kungoja. Unaweza kungoja miaka Texas, ukakaribia, halafu amri ikatoka ya kuhamia North Carolina. Huko unaanza mwisho wa foleni. Kwa familia inayohama kila miaka mitatu, zamu inaweza isifike kamwe.

Mzazi akiugua Bungoma

Mlango wa pili ni uhamisho wa huruma. Kila tawi lina jina lake, lakini wazo ni moja: jambo zito na lisilotarajiwa limepata familia yako, uwepo wako unahitajika, na tatizo linaweza kutatuliwa ndani ya muda mfupi, kwa kawaida mwaka mmoja. Mke ana saratani. Mtoto amefanyiwa upasuaji mkubwa. Mzazi anakaribia kufa na hakuna ndugu mwingine wa kumtunza. Unajaza fomu, unaambatanisha barua za daktari, na ukikubaliwa unahamishwa hadi kituo kilicho karibu na mgonjwa, kama kina nafasi ya kazi yako.

Kuna mambo ambayo kwa kawaida hayatoshi: talaka na kesi zake, shida za pesa, ujauzito wenye matatizo, au kutamani tu kuwa karibu na nyumbani. Na kama tatizo halina mwisho unaoonekana, hautahamishwa. Utaelekezwa kwenye njia ya kuacha jeshi kabisa kwa sababu ya shida za familia.

Lakini angalia neno "karibu". Kwa Mmarekani mwenye mama mgonjwa Ohio, karibu ina maana. Kwa mwenye mama anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki Bungoma, kituo kilicho karibu ni kipi? Jeshi la Marekani halina kambi ya familia Kenya. Kuna kituo cha Manda Bay kule Lamu, kilichovamiwa na Al-Shabaab Januari 2020, na kuna Camp Lemonnier, Djibouti. Vyote viwili ni vya kwenda bila familia, kwa zamu, ukiwa na kikosi chako. Hutaomba kupostiwa Lamu ili uwe unapanda basi wikendi kwenda kumwona mama.

Kwa hiyo mlango uliojengwa kwa huruma hauna pa kumfikisha Mkenya. Kilichobaki ni likizo ya dharura. Familia inawasiliana na shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani, shirika linathibitisha habari na hospitali au mochari, kisha ujumbe unamfikia kamanda wako. Yeye ndiye huamua. Siku hizo hukatwa kutoka kwa likizo yako ya mwaka, si zawadi. Na orodha ya jamaa wanaohesabika ni fupi: mke au mume, mtoto, mzazi, ndugu. Babu, nyanya, shangazi na mjomba kwa kawaida hawamo, isipokuwa yule aliyekulea kama mzazi. Yaani kifo cha mjomba aliyekulipia karo ya sekondari kinaweza kukukuta Fort Bragg ukiambiwa pole sana, na kesho saa kumi na moja alfajiri uwe mazoezini.

Mtoto wa pekee na ndugu watano

Wengi huamini kwamba mtoto wa pekee hapelekwi vitani. Ni uvumi wa miaka mingi na si kweli. Ulitokana na jambo la kweli, hata hivyo.

Mnamo Novemba 1942 meli ya kivita USS Juneau ilizama karibu na Guadalcanal, bahari ya Pasifiki. Ndani yake kulikuwa na ndugu watano wa tumbo moja, akina Sullivan kutoka mji wa Waterloo, jimbo la Iowa. Walikuwa wameomba wenyewe wahudumu pamoja. Wote watano walikufa. Kisa hicho na vingine vya aina hiyo vilichangia kuzaliwa kwa kanuni za kumlinda aliyebaki, zilizoingizwa kwenye sheria ya kuandikisha askari ya 1948. Wapenzi wa filamu wataikumbuka Saving Private Ryan ya 1998, ambayo ilichota kutoka kwa familia nyingine, ya akina Niland wa New York.

Kwa hiyo kinga ni ya yule ambaye ndugu au mzazi wake amekufa au kupotea akiwa jeshini. Kuzaliwa peke yako hakukupi chochote. Na hata anayestahili lazima aombe mwenyewe.

Wakivaa sare wote wawili

Wakenya hukutana sana jeshini na kuoana, na hapa kuna habari njema kiasi. Mke na mume walio wanajeshi wanaweza kujiandikisha kwenye mpango wa wanandoa, na kila mmoja anapopangiwa kituo, wapangaji humwangalia na mwenzake. Si ahadi. Kama yeye ni fundi wa helikopta na wewe ni karani wa stoo, karani anahitajika kila mahali ila helikopta haziko kila mahali. Mmoja akiwa jeshi la majini na mwingine la nchi kavu, kazi huwa ngumu zaidi, kwa sababu ofisi mbili tofauti lazima zikubaliane.

Kwa kuwa ni cheti tu kinachofungua mlango huo, kuna wanaokimbilia ofisi ya ndoa wiki moja kabla amri ya kuhama haijatoka. Wengine hupendana kweli. Wengine wanafuata posho ya nyumba, ambayo ni kubwa zaidi kwa mwenye mtegemezi. Ndoa ya karatasi ili upate ganji hiyo ni kosa la kijeshi, na watu wamefikishwa mahakamani kwa ajili yake. Usidanganywe na rumumeti.

Wanandoa wa aina hiyo wakiwa na mtoto, au mzazi anayelea peke yake, lazima waandike mpango wa malezi: nani atachukua mtoto usiku ukipigiwa simu, na nani atakaa naye miezi tisa ukiwa ng'ambo. Walezi lazima wakubali kwa sahihi, na hati za kisheria ziwepo. Wa muda mfupi anapaswa kuwa mtu wa karibu na kituo. Wa muda mrefu anaweza kuwa mbali, na ndiyo maana kuna watoto waliozaliwa Texas wanaolelewa Nyeri wakisubiri mama arudi kutoka misheni. Asiyeweza kutoa mpango unaofanya kazi anaweza kuondolewa jeshini. Na kwa singo matha anayewaza kujiunga: kwa kawaida jeshi haliandikishi mzazi mwenye malezi ya mtoto peke yake. Mara nyingi huambiwa akabidhi malezi kwa mtu mwingine kupitia mahakama kwanza. Huo si uamuzi wa kufanya kwa sababu ya video ya sekunde 40.

Kwa waliomo tayari, mambo yamelegea kidogo miaka ya karibuni. Tangu Aprili 2022, mama wa jeshi la nchi kavu aliyejifungua hapelekwi oparesheni kwa miezi 12. Na mwenye mtoto aliye karibu kumaliza shule ya upili anaweza kuomba asihamishwe hadi mtoto amalize mwaka wake wa mwisho.

Yule anayefuata

Tumeongea sana juu ya mwenye sare. Anayefuata pia ana maisha.

Wakenya wengi Marekani hupitia kazi za kutunza wagonjwa, halafu wanasoma uuguzi. Leseni ya uuguzi hutolewa na jimbo. Majimbo mengi yamejiunga kwenye mkataba wa kutambuliana leseni, lakini California, kwa mfano, haimo. Ukihamishwa kutoka Texas hadi Fort Irwin, mke wako muuguzi anaweza kukaa nyumbani akisubiri leseni wakati bili zinaendelea. Utafiti wa wizara ya ulinzi yenyewe wa 2021 ulionyesha asilimia 21 ya wenzi wa wanajeshi waliotaka kazi hawakuwa nayo. Kwa mtu aliyezoea kutuma pesa nyumbani kwao kila mwezi, hiyo haigusi nyumba moja tu. Inagusa karo za wadogo zake huku.

Amri ikiwa ya Ujerumani au Korea Kusini, mambo huwa mengine. Kuna safari za kwenda na familia, ambazo huwa ndefu, na za kwenda peke yako, ambazo huwa fupi. Kwenda na familia kunahitaji kibali cha kamandi na ukaguzi wa afya wa kila mmoja. Mke mwenye pasipoti ya Kenya atahitaji pia karatasi zake za kuingia nchi hiyo, na hizo huchukua muda. Lakini kuna faida moja iliyojificha humo: mke au mume mwenye Green Card anayeishi ng'ambo kwa sababu yupo kwenye amri ya mwenzake anaweza kuhesabiwa kana kwamba anaishi Marekani anapoomba uraia. Yaani siku zake za Korea hazipotei. Wengi hulijua hilo wakiwa wamesharudi.

Haya yote huanza mbali, kabla hata hujaona theluji. Kwenye fomu ya bahati nasibu ya Green Card unaulizwa kama una mke au mume na watoto. Kila mwaka kuna wanaoficha, wakiambiwa na ajenti wa mtandaoni kwamba kapera hupita haraka. Aliyeacha kutaja mke au mtoto aliyekuwepo anaweza kunyimwa viza mlangoni. Akipita, swali lile lile linamngoja kwenye fomu za kuandikishwa jeshini, na kuficha mtegemezi huko kunaitwa kujiandikisha kwa ulaghai. Na miaka mitatu baadaye, anapotaka kumwingiza yule mke kwenye sajili ili waende wote Lewis-McChord, karani atafungua faili ya kwanza kabisa na kumuuliza huyu mtu alikuwa wapi. Hata majina huangaliwa: kama cheti cha kuzaliwa kinasema Mary Wanjiku na kitambulisho kinasema Wanjiku Mary Njeri, nenda ukayasawazishe ukiwa bado Nairobi, kwa sababu kuyarekebisha ukiwa Alaska ni kutuma nyaraka kwa ndege na kuomba shemeji apange foleni kwa niaba yako.